Vidonge vya Vitamini kwa Mgonjwa wa Thairoidi

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na homoni zake ndizo zinazoendesha kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, hata hedhi. Katika ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912, kinga ya mwili huigeukia tezi hiyo na kuiharibu taratibu. Homoni zikipungua, mgonjwa huchoka, huhisi baridi, huongezeka uzito na nywele zake hupukutika. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume.

Tiba yake ni kidonge cha levothairoksini, yaani homoni ile ile iliyopungua. Hakuna vitamini inayoshika nafasi yake, hata kama tangazo linaahidi hivyo.

Madini joto ndiyo huleta mkanganyiko mkubwa. Goita nyingi za zamani katika nyanda za juu za Tanzania zilitokana na upungufu wake, ndiyo maana chumvi huongezwa madini hayo. Lakini Hashimoto haisababishwi na upungufu huo, na dozi kubwa huweza kuichochea. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku. Vidonge vya mwani wa baharini huweza kupita kiwango hicho mara nyingi. Chumvi ya kawaida ya jikoni haina tatizo na haifai kuachwa.

Seleni imefanyiwa majaribio mengi, aghalabu kwa maikrogramu 200 kwa siku. Kingamwili zinazoishambulia tezi hupungua katika baadhi ya majaribio, ila haijathibitika kwamba mgonjwa hupata nafuu au huhitaji dawa kidogo zaidi. Ikizidi, yenyewe hunyonyoa nywele na kuharibu kucha. Kuhusu vitamini D, jaribio la Marekani lililohusisha watu zaidi ya 25,000 kwa takriban miaka 5 lilionyesha kuwa waliomeza yuniti 2,000 kila siku walipata magonjwa ya kinga kujishambulia kwa asilimia 22 pungufu. Hayo ni magonjwa yote kwa pamoja, tena ni kinga, si tiba ya aliyekwisha kuugua.

Vitamini B12 ina hoja yenye nguvu zaidi. Baadhi ya wagonjwa wa Hashimoto hushambuliwa pia tumbo, wakashindwa kuifyonza kutoka kwenye chakula. Damu hupungua na miguu hufa ganzi. Kipimo kikionyesha upungufu, kuiongeza ni lazima, kwa sindano au kwa vidonge vya dozi kubwa.

Biotini inastahili tahadhari ya pekee kwa sababu hudanganya maabara. Mwili huhitaji maikrogramu 30 tu kwa siku, lakini vidonge vya kukuza nywele na kucha huwa na 5,000 au 10,000. Vipimo vingi vya homoni hutumia biotini ndani ya vitendanishi vyake, kwa hiyo ile iliyojaa kwenye damu huvuruga hesabu: TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, huonekana imeshuka, na T4, homoni ya tezi yenyewe, huonekana imepanda. Mtu ambaye tezi yake ni dhaifu husomeka kama ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, na daktari asiyejua anaweza kumpunguzia dawa anayoihitaji. Biotini iachwe angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na ikiwa dozi ni kubwa sana, daktari aulizwe muda.

Madini ya chuma na kalsiamu hukamatana na levothairoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe. Mjamzito hukabiliwa na hili moja kwa moja, kwani kliniki humpa vidonge vya kuongeza damu, na wakati huo huo mtoto, katika miezi ya mwanzo, hutegemea homoni za mama. Asiache chochote kati ya hivyo viwili. Levothairoksini humezwa alfajiri kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu hungoja angalau saa 4, na wengi huona ni rahisi kuvimeza usiku. Dozi ya levothairoksini yenyewe mara nyingi hulazimika kupandishwa wakati wa ujauzito, hivyo TSH hupimwa mara tu mimba inapojulikana.