Ngozi ya Mgonjwa Asiyezuia Haja

Mzee aliyepooza, na kadhalika mwanamke aliyepata fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo ukeni, baada ya uchungu wa uzazi uliokawia kupita kiasi, hupatwa na mateso mawili: ya kwanza ni maradhi yenyewe, ambayo watu huyajua na kuyahurumia, na ya pili ni kuchubuka mapajani, kinenani na matakoni kwa ajili ya kulowa usiku na mchana, jambo ambalo yeye huona haya kulitaja, na jamaa wanaomwuguza, kwa staha, huchelea kumwuliza.

Ngozi yenye siha ina asidi kidogo, na asidi hiyo ndiyo ngome yake. Mkojo ukikaa juu yake, vijidudu huigeuza yurea kuwa amonia, asidi ikaondoka. Na iwapo choo kikubwa nacho kimechanganyika humo, vimeng'enya vyake hupata nguvu na kuila ngozi ambayo maji yamekwisha kuilainisha. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa sisi weusi wekundu huo aghalabu hauonekani: tazama palipokoza weusi au pageukapo zambarau, kisha uguse uone kama pana joto.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba wako wanaomnyima mgonjwa maji ya kunywa wakitaraji kupunguza kulowa, na wanawake wenye fistula hujinyima wenyewe, ilhali mkojo wa mwenye kiu huwa mzito, na makali yake yakazidi kuunguza. Mpeni maji. Wala asisuguliwe kwa sabuni ya kufulia, ambayo nayo huiondoa ile asidi. Aoshwe taratibu kila anapojichafua, akaushwe kwa kitambaa laini kwa kugandamiza pasipo kufuta, kisha apakwe mafuta ya mgando, tabaka jembamba tu. Vipele vidogo vikizagaa pembeni, huenda ni fangasi, na hapo ni kazi ya tabibu. Kidonda kilicho juu ya mfupa ni jambo jingine, litokanalo na kulalia upande mmoja, na mgonjwa huyo hana budi kugeuzwa mara kwa mara.

Fistula yenyewe hutibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wengi bila malipo.

Basi, ewe mwenye mgonjwa nyumbani, mwulize leo, faraghani na kwa upole, kama ngozi yake inamwuma.