Safari Rally: Wakati barabara ilipokuwa uwanja wa mashindano

Ikiwa una jamaa Homa Bay au Migori na umewahi kuwatembelea wakati wa mvua za Aprili, bila shaka unaujua udongo mweusi. Katika Bonde la Lambwe, kwa mfano, gurudumu huzama, dereva akaishiwa na maarifa, abiria wakashuka kusukuma. Sasa fikiria kupita matope ya aina hiyo kwa kasi, usiku na mchana, siku kadhaa mfululizo. Hiyo ndiyo iliyokuwa Safari Rally.

Mashindano haya yalitokana na mtu aliyechoshwa na uwanja. Katika Bonde la Ufa palikuwa na uwanja wa mbio za magari ulioitwa Langa Langa. Inasimuliwa kwamba Neil Vincent alipoombwa na binamuye, Eric Cecil, ashiriki mbio hizo, alikataa. Hakuona raha ya kuzunguka mahali pamoja. Alitaka safari ndefu ya kuvuka nchi, na atakayetangulia kurudi awe mshindi. Mwaka wa 1953, katika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa magari ya kawaida, nayo yaligawanywa kwa makundi kulingana na bei zake.

Kwa miaka mingi mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, na safari ilizidi kilomita 5,000. Mwaka wa 1963 walioanza walizidi 80, lakini waliofika mwisho walikuwa 7 tu. Mwaka wa 1968 mambo yakawa yale yale: 7 tena!

Hapo ndipo wenyeji walipowashinda wageni. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka wa 1965 akiendesha Volvo iliyokwisha kutumika. Alishinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5 kati ya 1973 na 1982. Hawa waliijua mvua na mashimo ya barabara zetu.

Lakini mambo hubadilika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, siasa za majirani zilikuwa zimeifanya Safari kuwa ya Kenya peke yake. Magari nayo yakawa ya viwanda vikubwa, yenye kasi ya kutisha, huku matatu, ng'ombe na watoto wa shule wakiwa kwenye barabara zile zile. Ikabidi helikopta zitangulie ili kuwaonya madereva. Ian Duncan alishinda 1994, na Patrick Njiru akawa wa nne. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia.

Ilirudi Juni 2021, Naivasha ikiwa makao yake. Sehemu za kushindania zilikuwa takriban kilomita 320 tu, nazo hufungwa ili magari mengine yasipite. Sébastien Ogier wa Ufaransa ndiye aliyeshinda.

Je, tulilie zamani? La. Hakuna mzazi anayetaka gari la mashindano lipite mbele ya lango la shule. Wala mkulima wa Migori hatalia akipata lami ya kufikishia mazao yake sokoni.

Hata hivyo, jambo moja linafaa kutusumbua. Tangu Duncan mwaka wa 1994 hadi mashindano ya 2025, hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ikiwa katika mashindano ya dunia. Fundi wa Kericho aliweza kuwapiku mabingwa kwa gari kuukuu. Leo gari la kushindania ushindi ni la mamilioni mengi ya shilingi, na kijana wa Homa Bay mwenye mkono wa usukani aanzie wapi?

Mwaka ujao familia yako ikienda Naivasha kutazama vumbi, waulize watoto swali hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Safari imerudi na wageni wamekuja. Tumetayarisha njia gani ili mwenyeji naye apone?