Kompyuta kwa Fundi, Siri Zako kwa Nani?



Tuseme kompyuta ya nyumbani imegoma. Ukiwasha, taa inawaka, feni inazunguka kidogo, halafu kimya. Kaka anakwambia ipeleke kwa fundi. Unaitia kwenye begi mpaka dukani, fundi anaitazama mara moja tu na kusema, "Iache hapa, njoo kesho jioni. Paswedi yake ipi?" Unamwandikia kwenye kipande cha karatasi, unaondoka zako.

Je, umemwachia nini? Wengi watajibu, "Kompyuta." Haya, fikiri tena. Umemwachia notisi zako za Fizikia, picha za arusi ya dada, barua ulizoandikiana na mtu unayempenda, namba za simu za marafiki, nakala ya cheti cha kuzaliwa, pengine na majibu ya vipimo ulivyofanyiwa zahanati. Kompyuta inaweza kurudi nzima, lakini vitu hivyo vikawa vimepotea. Au vikawa vimerudi vyote, ila kuna mtu mwingine sasa anavyo.

Sasa hili linahusu afya?

Ndiyo, tena sana. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya si kukosa ugonjwa tu. Ni kuwa mzima kimwili, kiakili na katika maisha yako na watu. Kijana ambaye picha yake ya faragha inazungushwa shuleni hana homa wala kikohozi. Lakini usiku halali, chakula hakipiti, darasani anaona kila mtu anamcheka. Wapo wanaoacha shule. Wapo wanaofikia hata kufikiria kujidhuru. Hayo ni maumivu kama maumivu mengine, na yana kinga.

Hatari ziko mbili: vitu vyako kupotea, na vitu vyako kuchunguliwa. Tuzitazame moja moja.

Hatari ya kwanza: kupotea

Kompyuta ikijaa virusi au ikikwama, njia ya haraka kwa mafundi wengi ni ile wanayoiita "kupiga windo". Maana yake ni kufuta mfumo mzima wa kompyuta na kuuweka upya. Fundi asipokuwa mwangalifu, na wewe usipomwambia kitu, vilivyokuwemo vyote vinakwenda na maji. Kesho yake unakuta kompyuta inakimbia kama mpya, bomba kabisa, lakini notisi za miaka 2 hazipo. Fundi hakuwa na nia mbaya. Wewe ulisema, "Itengeneze," naye ameitengeneza.

Wakati mwingine kilichoharibika ni diski yenyewe, yaani ghala la vitu vyako. Diski za aina ya zamani zina visahani vinavyozunguka kwa kasi, na kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuvigusa. Kompyuta ikianguka huku inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza kisahani. Ukisikia mlio wa kugonga-gonga, tak, tak, tak, izime mara moja. Kila unapoiwasha tena "kujaribu", unaweza kuzidi kuikwaruza. Diski za aina mpya hazina kitu kinachozunguka, ila nazo zinaweza kufa ghafla bila kutoa dalili yoyote.

Hatari ya pili: kuchunguliwa

Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki yao. Lakini huwezi kumjua mtu kwa kutazama bisibisi zake. Hebu tuone mambo 2 yaliyotokea mbali na kwetu.

La kwanza ni la Hong Kong. Edison Chen, mwigizaji na mwanamuziki maarufu wa huko, alipeleka laptopu yake kutengenezwa. Ndani yake mlikuwa na picha za faragha alizopiga na wanawake kadhaa, wengine nao wasanii. Mwezi Januari 2008 picha hizo zikaanza kuenea kwenye intaneti. Mwezi uliofuata Chen aliomba radhi hadharani na kutangaza kwamba anaachana na shughuli za sanaa Hong Kong. Fundi aliyezichukua alitiwa hatiani mwaka 2009, akahukumiwa kifungo cha miezi 8 na nusu. Kifungo kiliisha, picha hazikurudi. Na waliobeba mzigo mzito zaidi ni wale wanawake. Wao hawakupeleka kompyuta yoyote kwa fundi, lakini ndio waliotukanwa zaidi.

La pili ni la Kanada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph walitaka kujua mafundi hufanya nini mteja akishaondoka. Wakachukua laptopu, wakazitia kasoro ndogo ya sauti, kisha wakaweka humo programu ya siri ya kuandika kila kinachofanyika. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika maduka 12 waliyopata kumbukumbu zake, mafundi wa maduka 6 walifungua vitu binafsi vya mteja. Wa maduka 2 walivinakili kabisa. Kompyuta zilizoonekana kuwa za wanawake zilichunguliwa zaidi. Na walipopeleka laptopu kubadilishwa betri tu, karibu maduka yote yaliomba paswedi, ingawa kubadili betri hakuhitaji paswedi. Huko ni kubadili betri, si zaidi ya kubadili tairi la baiskeli!

Kweli au si kweli?

"Nikifuta picha, imekwisha." Si kweli. Chukulia diski ni daftari. Mbele kuna ukurasa wa yaliyomo, unaoonyesha kitu gani kiko ukurasa wa ngapi. Mara nyingi ukifuta faili, kompyuta inafuta ule mstari kwenye yaliyomo tu. Ukurasa wenyewe bado umeandikwa, mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Mtu mwenye programu ya kufufua mafaili anaweza kuusoma. Hii ni kweli hasa kwa diski za zamani, flashi na memori kadi.

"Basi picha niliyoifuta kwa bahati mbaya naweza kuipata." Inawezekana. Siri ni kuacha kuitumia kompyuta au kadi hiyo papo hapo, usihifadhi kitu kipya juu yake, halafu utafute mtu anayejua kufufua mafaili. Ukichelewa huku unaendelea kuitumia, nafasi inapungua.

"Nina paswedi, kwa hiyo diski yangu haisomeki." Si lazima. Kwenye kompyuta nyingi za zamani fundi anaweza kuchomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kusoma kila kitu bila hata kujua paswedi. Ni diski iliyogeuzwa kuwa mafumbo kwa programu maalumu ndiyo inayomshinda.

"Mimi sina kompyuta, haya hayanihusu." Si kweli. Simu ya mkononi nayo ni kompyuta, tena inayojua mengi zaidi. Kama nyumbani mnatumia simu moja na mama, humo mna ujumbe wako, ujumbe wake, na pesa zake za simu. Kioo kikipasuka, siri za watu wawili zinakwenda kwa fundi pamoja.

Kabla haijaharibika

Kinga ni bora kuliko tiba, hapa pia. Kifaa kikishakufa, huwezi tena kuchagua cha kutoa na cha kuacha. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike leo, kingali kizima.

1. Weka nakala. Notisi, insha na picha unazozipenda ziwe mahali angalau pawili: kwenye kompyuta, na kwenye flashi au kwenye hifadhi ya intaneti. Flashi ikae kabatini, isitembee shingoni. Chagua siku moja kila mwezi ya kunakili vipya. Mwanafunzi wa kidato cha nne asiye na nakala anacheza bahati nasibu na mtihani wake.

2. Punguza siri. Picha ambayo ingekuumiza ikionekana na mwalimu wako, usiiweke kwenye kifaa kinachotumiwa na wengi. Na mtu akikubembeleza umtumie picha ya uchi, eti ndiyo ishara ya upendo, kataa. Anayekupenda hakuombi kitu cha kukumaliza.

3. Andika paswedi zako kwenye karatasi na uifiche nyumbani. Ukipoteza simu, usipoteze na barua pepe yako.

Siku ya kwenda kwa fundi

Kama kifaa bado kinawaka, nakili vitu vyako kwanza, kisha ondoa vya siri. Kwa simu, toa laini na memori kadi kabla hujaikabidhi. Toka kwenye WhatsApp, barua pepe na programu ya pesa. Ukiweza, irudishe simu ilivyotoka kiwandani baada ya kunakili kila kitu. Baadhi ya simu mpya za Samsung na Google Pixel zina hali maalumu ya matengenezo: unaiwasha, fundi anapima simu yake vizuri, lakini picha na ujumbe wako vinabaki vimefungwa.

Ukifika dukani, usione haya kuuliza. Mwambie hivi: "Fundi, tatizo ni nini, na utagusa nini?" "Kazi hii inahitaji paswedi kweli?" Kioo, betri na tundu la chaji huhitaji mikono na bisibisi, paswedi ni ya kujaribia tu. Unaweza kuja mwenyewe kujaribu, au ukampa paswedi ya muda na kuibadilisha ukirudi. Mwambie pia wazi, "Usipige windo kabla hujaniuliza." Kama kazi ni ya dakika 20, kaa hapo usubiri. Kama inalala, omba risiti yenye jina la duka, tarehe na kazi aliyopewa. Kifaa kikirudi, badilisha paswedi zote siku hiyo hiyo.

Fundi mzuri hatakasirika. Zahanati nayo nesi anafunga mlango kabla ya kukuuliza maswali, na faili lako halisomwi na kila anayepita. Usiri huo ni haki yako, na kwa fundi pia.

Na kama imeshatokea?

Mtu amekupigia anasema ana picha zako, anataka hela, au anataka ulale naye. Kasheshe! Lakini sikiliza: kosa si lako. Ni la aliyeiba na anayetisha. Usimlipe, kwa sababu atarudi kesho kudai zaidi. Usifute ujumbe wake, huo ndio ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo: mzazi, shangazi, mwalimu wa malezi. Tanzania na Kenya unaweza kupiga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Tanzania, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ndipo pa kwenda kuripoti.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, ambayo mtu anayesambaza picha ya utupu ya mwenzake anaweza kutozwa faini mpaka shilingi 200,000, au kufungwa mpaka miaka 2, au vyote viwili.

Na neno moja kwako unayepokea. Picha ya mwenzako ikikufikia, usiitume mbele hata kwa mtu mmoja, hata kama darasa zima limeshaiona. Kama aliyemo ana umri chini ya miaka 18, kuisambaza ni kosa kubwa mbele ya sheria. Ifute, kisha mfuate mwenzako, ukae naye wakati wa mapumziko wakati wengine wanamkwepa. Huenda wewe ndiye utakayemfanya arudi darasani kesho.