Gundi Dhaifu Kuliko Kitambaa

Makumbusho ya People's History Museum, mjini Manchester, Uingereza, yanahifadhi mabango makubwa ya vyama vya wafanyakazi. Mengi yalitengenezwa na kampuni ya George Tutill, iliyoanzishwa mwaka 1837. Ni hariri iliyochorwa kwa rangi ya mafuta pande zote mbili: picha, jina la tawi, na wito wa chama. Kwetu sisi tunaosoma lugha, haya ni maandishi. Maneno yake yamo katika rangi, na rangi imeshikwa na hariri inayochanika. Je, yatasomekaje kesho?

Kawaida, kitambaa cha kale kilichochanika hushonewa kwenye kitambaa kipya kinachokitegemeza. Hapa sindano haifai. Kila tundu hutoboa herufi, na hariri iliyokauka hukatika pale uzi unapopita. Isitoshe, mwaka 1861 Tutill alipata hataza ya kupaka hariri mpira kabla ya kuchora, ili bango likunjike bila rangi kubanduka. Mpira ukizeeka huwa mgumu na kupasuka. Ndiyo sababu wahifadhi huifikiria gundi.

Gundi haipakwi moja kwa moja kwenye bango. Mhifadhi huipaka, nyepesi sana, juu ya kitambaa chembamba cha hariri au wavu laini, kisha huiacha ikauke. Kitambaa hicho huonyesha kilicho nyuma yake, kwa hiyo hakifichi maandishi ya upande wa pili. Halafu hukilaza juu ya mpasuko na kuiamsha gundi kwa pasi ndogo ya joto la wastani au kwa mvuke wa alkoholi.

Kila gundi ina gharama yake. Ya wanga hulainika kwa maji, lakini huvutia wadudu, na maji yanaweza kuchujisha rangi. Zile zitokanazo na selulosi ni laini, ila hazina nguvu ya kubeba kitambaa kizito. Za viwandani hushika vizuri zaidi. Mojawapo, Beva 371, iliyobuniwa na Gustav Berger kwa ajili ya michoro, huamka kwenye joto la nyuzi 65 hivi.

Yenye nguvu zaidi siyo iliyo bora. Hewa ikiwa na unyevu hariri hutanuka, ikikauka hujikunja. Gundi ikiwa na nguvu kuliko uzi, uzi ndio utakaokatika, na mpasuko mpya utatokea kando ya ule uliotibiwa. Gundi ikiwa dhaifu, itabanduka yenyewe na kazi itarudiwa.

Hata hivyo, hakuna gundi inayotoka yote katika hariri iliyochakaa. Kwa hiyo sindano huzingatiwa kwanza, gundi baadaye. Inapotumika, mhifadhi huandika aina yake, kipimo chake na namna alivyoiamsha, ili atakayelifungua bango hilo baada ya miaka hamsini ajue aanzie wapi.