Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Chanjo
Wanafunzi wanaoshuka mabasi ya mikoani Mbezi Luis ni wasomi. Basi tusidhani kwamba waliosita kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19 walikosa elimu. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hizo hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia alichanjwa mbele ya taifa. Ni nani aliyewaeleza vijana sababu ya mageuzi hayo? Askofu Gwajima, mbunge wa Kawe wakati huo, aliipinga chanjo mimbarini. Hofu ya kukosa uzazi, iliyo nzito kwa wasiooa wala kuolewa, ikaenea. Mwanafunzi aulizapo, tusimwite mwenye imani haba. Tumweleze kwamba uchunguzi haukuona chanjo ikiharibu uzazi. Na mchungaji aliyechanjwa aseme hivyo waziwazi.