Mawingu yakimeza mnara, kamera ndizo zinazoona ndege

Mnara wa kuongozea ndege pale Heathrow, London, una urefu wa mita 87. Hebu fikiria mawingu yameshuka yakaufunika, ilhali kule chini barabara ya ndege iko wazi kabisa. Wasee walio juu hawaoni kitu! Inabidi wategemee rada na kuziachia nafasi zaidi ndege zinazotua, na uwanja unapoteza takriban asilimia 20 ya uwezo wake wa kuzipokea.

Ndiyo maana 2019, NATS, shirika linaloongoza ndege Uingereza, lilikuwa likijaribu kamera 20 za 4K pamoja na akili unde. Kompyuta inaisoma picha, inaitambua ndege, na ikishatoka barabarani inamwambia mwongozaji: haya, ruhusu inayofuata.

Kutambua ndege moja si kazi. Balaa ni kufuata kumi kwa mpigo. Chukulia uko steji unatazama matatu za sacco moja, rangi ile ile. Moja ikipita nyuma ya nyingine, utajuaje ni ipi iliyotokea upande wa pili? Kompyuta huchorea kila ndege kisanduku, huipa nambari, kisha hutumia kasi na mwelekeo wake kukisia itakuwa wapi kwenye picha inayofuata. Kisanduku kipya kikiangukia karibu na hapo, nambari inabaki ile ile. (Mimi niliacha chuo katikati na hesabu hii inaniingia, kwa hivyo usiogope.) Ikikisia vibaya, ndege mbili zinabadilishana nambari. Hapo ni noma.

Wengine wamehama mnara kabisa. Tangu 2021, wanaoongoza ndege za London City hukaa Swanwick, kama kilomita 115 kutoka uwanjani, wakitazama skrini tu.

Sasa, skrini nayo ina mambo yake. Januari 2, 2024, uwanjani Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines ilitua na kugonga ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama barabarani. Watu wote 379 wa Japan Airlines walitoka hai. Kwenye ile nyingine, watano kati ya sita walifariki. Onyo kwamba barabara ina ndege lilikuwa limewaka kwenye skrini za waongozaji kwa takriban dakika moja. Hakuna aliyeliona.

Siku chache baadaye, Japan iliweka mtu wa kuikodolea macho skrini hiyo muda wote. Yaani binadamu wa kuchungulia mashine inayochungulia ndege.