Mwinyi: Neno la enzi lililogeuka kejeli Msumbiji

Katika pwani ya Quiterajo, wilayani Macomia, kaskazini mwa Msumbiji, lugha ya wenyeji ni Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Hata jina lake latokana na neno mwani, yaani pwani. Upande wa bara, kwa Wamakua, mtawala wa jadi huitwa mwene, na pembeni yake yupo apwiyamwene, mwanamke wa ukoo ambaye kauli yake ni nzito katika mambo ya ardhi na urithi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa jina hilo. Ni jamaa wa "mwenye", kama katika mwenye nyumba na mwenye shamba. Kutoka hapo likazaliwa "mwinyi", cheo cha watu wakubwa wa mwambao. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, aliyekuwa na kasri lake Dunga. Wa mwisho alifariki mwaka 1873, wakati huo enzi ikiwa imekwishakuwa mikononi mwa masultani wa Kiomani. Kusini zaidi, Wareno walilisikia jina la Mwenemutapa wakaliandika Monomotapa.

Tabaka la juu la Poland liliitwa kwa fikra nyingine. Neno lao, szlachta, lilipitia Kicheki kutoka Kijerumani cha kale, ambako slahta ilimaanisha ukoo au kizazi. Neno la Kipoland huuliza umezaliwa na nani. La kwetu huuliza unamiliki nini. Kwa vitendo tofauti hiyo ilikuwa ndogo, kwani umwinyi nao ulirithiwa.

Majaaliwa ya maneno hayo mawili ndiyo yaliyoachana. Katiba ya Poland ya mwaka 1921 ilifuta vyeo vya kikabaila, lakini kivumishi szlachetny kimebaki kikimsifu mtu mwenye moyo mwema, na hata madini ya thamani huitwa hivyo. Tanzania nayo iliongozwa na Rais Ali Hassan Mwinyi kuanzia 1985 hadi 1995, na hakuna aliyeona ajabu katika jina lake.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikwenda vingine. Katika Kireno cha Msumbiji kuna neno monhé, ambalo asili yake huhusishwa na mwenye huyo huyo. Kutoka kumtaja bwana wa pwani, Mwislamu mwenye heshima zake, limeshuka hadi kuwa neno la kumdharau mtu mwenye asili ya Kihindi au Mwislamu mfanyabiashara. Cheo kimeporwa maana yake, ikabaki dini na rangi ya aliyekibeba.

Cabo Delgado, ambako vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewakimbiza hata watu wa Quiterajo, si mahali pa kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Mfasiri akilikuta monhé katika taarifa ya Kireno hawezi kuandika "mwenye", japo mzizi ndio huo. Sharti amwonyeshe msomaji kwamba aliyelitamka alikusudia kudharau.